Nililipia kozi ya kata za karate za mitindo minne kwenye simu: kulinganisha wameweza, Sanchin wamechemka

Nianze na jibu kabisa kwa wenye haraka. Kama hujawahi kukanyaga dojo, ukumbi wa mazoezi ya karate, na unafikiri utajifunza kata, ile mifuatano ya mapigo na kinga iliyopangwa tangu zamani, kwa kuangalia simu sebuleni, hela yako itunze. Ila kama tayari una mtindo wako, una kata zako kadhaa zimeshaingia mwilini, na kila siku unajiuliza mbona yule jamaa wa Shotokan anafanya kitu kinachofanana na changu halafu sio changu, basi hii kozi itakunogea. Kuna sehemu moja wamefanya kazi ya maana sana, na kuna sehemu nyingine wamechemka mpaka unajiuliza kama ni watu walewale walioitengeneza.

Jina lake silitaji, huko chini nina malalamiko ya hela na sitaki ugomvi na mtu. Ni moja ya zile kozi za vidio za nje, dola 19 kwa mwezi, ukilipa maktaba yote inafunguka: Shotokan, Goju-ryu, Shito-ryu na Wado-ryu, kila mtindo na mwalimu wake, halafu juu yake wanakuwekea nyongeza ya judo na taekwondo.

Mimi ni mtu wa Goju, mkanda wa kahawia, Dar. Goju ya hapa mjini mizizi yake ni dojo ya Zanaki, ilipandwa na Sensei (mwalimu) Bomani miaka ya 1970, na wazee wa karate ukikaa nao vijiweni watakutajia Zanaki kabla hata hujauliza. Sasa sisi Goju tuna kata 12 tu, ukihesabu na zile Gekisai mbili ambazo Miyagi Chojun, mwanzilishi wetu, alizitunga karibu na 1940 kwa ajili ya wanaoanza. Shotokan wana 26. Shito-ryu wanapita 50 bila shida, maana Mabuni Kenwa, mwanzilishi wao, alisoma kwa Itosu wa Shuri na kwa Higaonna wa Naha, huko Okinawa, akabeba mizigo ya nyumba zote mbili. Wado wanaenda na chache, karibu na zetu. Mtu ukiwa umekulia kwenye 12 unaona dunia yote ni hizo, halafu unaenda mashindano unamwona kijana anafanya kitu unakitambua nusu, nusu nyingine hujui katoa wapi. Ndio maana nikalipia.

Sasa tuje kwenye chenyewe. Kila kata imepigwa kwa kamera nne, mbele, nyuma, ubavuni na juu. Ile ya nyuma ndio ya kufuatia, usihangaike na ya mbele, maana ukimfuata mtu anayekutazama kushoto kwako kunakuwa kulia kwake na kata ikishaanza kuzunguka unapotea mazima. Ile ya juu nilidhani ni mbwembwe tu ila ni tamu mno, unaona mstari mzima wa kata sakafuni, wapi mtu katoka na wapi anarudi, na unaona kabisa kwamba mwalimu wa Shotokan anamaliza palepale alipoanzia wakati yule wa Shito kwenye kata fulani anaishia hatua moja pembeni na wala hajali.

Lakini kilichonifanya nisijute hela yangu ni sehemu ya kulinganisha. Wamechukua kata ambazo ni ndugu, zinazofanywa kwenye mitindo tofauti kwa majina tofauti, wakaziweka kwenye kioo kimoja zikienda pamoja, na ukigusa kioo zote zinasimama kwenye tukio lilelile. Kwa kitu hiki nawapa maksi zote.

Chukua Heian Nidan. Hivyo ndivyo mtu wa Shotokan anavyoijua, mtu wa Shito au Wado anaiita Pinan Shodan. Namba zimepishana kwa sababu Funakoshi Gichin, yule aliyeipeleka karate Tokyo mwaka 1922, baadaye alizipa kata majina ya Kijapani na akazipindua hizo mbili za mwanzo, ile iliyokuwa ya pili akaiweka ya kwanza kwa kuwa ni nyepesi zaidi kwa mgeni. Zenyewe ni kazi ya Itosu Anko, mzee aliyesukuma karate iingie kwenye shule za Okinawa mwanzoni mwa miaka ya 1900, kwa hiyo ni kata za watoto wa shule kwa asili yake na bado watu wazima zinatutoa jasho.

Tukio la kwanza kabisa: unageukia kushoto, mkono wa kushoto umesimama mbele yako, wa kulia uko juu ya paji la uso. Gusa kioo, wasimamishe. Mikono ni ileile kabisa, ungewakata kiunoni usingejua nani ni nani. Sasa shuka macho miguuni. Yule wa Shotokan yuko kwenye kokutsu dachi, miguu imeachana hasa, goti la nyuma limekunjwa na karibu asilimia 70 ya uzito iko huko nyuma. Yule wa Shito yuko kwenye neko ashi dachi, mfupi, uzito karibu wote uko nyuma, mguu wa mbele umegusa chini kwa mpira wa unyayo tu, kisigino kiko hewani. Wamechora mstari mwekundu kutoka kwenye nyonga kwenda chini, unaona wa Shotokan unaangukia mbali na mguu wa mbele na wa Shito unaangukia juu ya kisigino cha nyuma.

Halafu wakafanya kitu ambacho sijawahi kuona kwenye vidio nyingine yoyote. Mwalimu wa Shito kutokea pale pale, bila kusogeza bega wala kichwa, akainua mguu wa mbele akapiga teke. Yaani hakuna ishara yoyote, unashtukia mguu umeshafika. Mwalimu wa Shotokan naye akajibu, akasukuma kutokea mguu wa nyuma akaingia mbele na ngumi, akala umbali ambao yule mwenzake hawezi hata akijitahidi vipi. Hakuna aliyesema wangu ni bora. Wameonyesha kila mmoja kalipia nini na kapata nini, wakaenda kwenye tukio la pili.

Kuna kaka mmoja wa Shotokan tunafanya kazi jengo moja, mchana tukishakula tunapanda juu ya paa kupunga upepo. Nilimwonyesha hiyo sehemu. Kaangalia, karudisha, kaangalia tena.

"Sasa mbona sisi sensei anatukomalia tushuke chini vile, magoti yanatuua?"

"Kaka muulize sensei wako, mimi wa Goju nitajuaje."

"Wewe si umelipia!"

Basi tangu siku hiyo simu yangu mchana sio yangu tena.

Kushanku nayo wameitendea haki. Ni ile kata ndefu ambayo Shotokan wanaiita Kanku Dai, mtu anainua mikono miwili juu ya kichwa, vidole vinakutana vinatengeneza pembetatu, anatazama angani kupitia hapo halafu mikono inaachana na kushuka kwa duara kubwa. Ina matukio 65 kwa hesabu ya Shotokan na ukiifanya mara mbili mfululizo unatafuta maji. Humu wameweka ya Shotokan, ya Wado, Kosokun Dai ya Shito, halafu pembeni wakaweka Chatanyara Kushanku peke yake kwa kuwa ni tawi lingine, haianzi vilevile. Hii ya mwisho ndio iliyotawala fainali ya wanawake Olimpiki ya Tokyo, ile iliyochezwa Agosti 2021. Sandra Sánchez wa Hispania na Shimizu Kiyou wa Japani wote wawili walitoa hiyohiyo, Sánchez akachukua dhahabu kwa 28.06 dhidi ya 27.88. Nilikuwa nimeiangalia ile fainali zamani nikaona tu wanawake wawili wakali, nikapiga makofi nikalala. Baada ya somo la humu nikairudia na sasa naona vitu, naona mmoja anashika pumzi ndefu kabla ya kulipuka na mwingine anaunganisha matukio bila kuacha upenyo, naona jinsi nyonga inavyoanza na mkono unafuata, na kwa kanuni za kipindi kile ambapo ufundi ulibeba asilimia 70 ya alama na nguvu na kasi 30 unaelewa kwa nini tofauti imekuwa nyembamba vile. Kwa wanaocheza mashindano hapa ndipo hela yenu ilipo. Kumbuka kwenye kanuni za WKF, shirikisho la karate la dunia, hurudii kata, kila raundi unatoa nyingine, kwa hiyo ukiwa na moja tu kali unatolewa mapema na unarudi kukaa na sisi jukwaani.

Na hapohapo niwalaumu kidogo: mtindo wa Ryuei-ryu haupo kabisa. Vijana wote wa mashindano siku hizi wanataka kata zake, Anan na Ohan Dai. Anan ilishika dunia kwa Sakumoto Tsuguo, bingwa wa dunia 1984, 1986 na 1988, na mwanafunzi wake Kiyuna Ryo ndiye aliyekuja kuchukua dhahabu ya Tokyo upande wa wanaume. Unauza kozi ya kata mwaka huu bila Anan, unamuuzia nani?

Tuingie nyumbani sasa, Goju. Seisan wameilinganisha na Hangetsu ya Shotokan na Seishan ya Wado. Zote zinaanza na hatua tatu kwenda mbele, mkono unakinga na mwingine unapiga, ukiangalia harakaharaka unasema hawa ni pacha. Tofauti iko ndani. Kwetu Goju zile hatua tatu ziko kwenye sanchin dachi, mfupi, magoti yameingia ndani, ngumi inatoka fupi na kali. Kwenye Hangetsu stensi, yaani mkao wa miguu, imevutwa ikawa ndefu ila magoti bado yanavutana kwenda ndani, na zile hatua zinafanywa polepole sana, pumzi inasikika, mwili umekazwa, wakija kubadilisha mwendo kata inakuwa kama imeingiliwa na mtu mwingine. Yule kaka wa Shotokan alikuwa anaichukia Hangetsu siku zote, anasema ni kata isiyofanana na nyumba yao. Nikamwambia kweli haifanani, ina harufu ya kwetu. Tukabishana mpaka muda wa kurudi kazini ukapita.

Mwalimu wao wa Goju ana Seisan nzuri, sina neno. Ana mama mmoja pia anayefundisha Seiyunchin, ile kata ambayo haina teke hata moja, sehemu kubwa ni shiko dachi, miguu imetanuliwa umekaa chini, na huyu mama ndiye mwalimu bora wa kozi nzima. Anafundisha kwa kuvuta. Anampa mtu mkono wake ashike, halafu anafanya tukio la kata taratibu na yule mtu anaanza kuinama mwenyewe bila kupigwa, unaona kwamba ule mkono uliokuwa unauinua kwa mazoea tu kumbe unamvuta mtu mwilini kwako. Paja linaungua ila unaendelea. Kama kozi nzima ingefundishwa na yeye ningelipia mwaka.

Halafu tukafika Sanchin na hapo ndipo walipoanguka.

Sanchin ndio mama wa Goju. Hatua chache, ngumi chache, pumzi, mwili umefungwa kuanzia vidole vya miguu mpaka shingoni. Kwa macho hakuna cha kuona, na ndio shida yenyewe. Wao wamepiga vidio ya dakika 20 na kitu, kamera zilezile nne, mwalimu kavua shati, anapumua kwa kishindo kama anataka kupasua kipaza sauti, anasema kaza hapa, kaza hapa, basi. Hawajaonyesha shime hata mara moja. Kwa wasiojua, shime ni pale sensei anapokuzunguka unapofanya Sanchin, anakupiga viganja mabegani, anakugonga mapaja, anakubana mbavu chini ya kwapa aone kama pamekaza au umejaza hewa tu kifuani. Bila hiyo huwezi kujua kama unafanya Sanchin au unatembea umenuna.

Kuna dogo pale dojo, mkanda wa kijani, nilimwazima simu akakaa na ile vidio wiki nzima. Jumamosi akaja na pumzi mpya, anavuma utadhani pikipiki inapanda mlima, mishipa ya shingo imesimama, uso umeiva. Sensei hakusema kitu, akamwacha afike hatua ya pili, akamgusa begani na viganja viwili, wala hakupiga, dogo akapepesuka.

"Nani kakufundisha kupumua hivyo?"

"Osu sensei, nimeona kwenye simu."

"Hiyo simu inakugusa mgongo?"

Darasa zima likacheka, sensei akamsimamisha upya akaanza naye kwenye vidole vya miguu. Na ana hoja. Kukaza koo ukapandisha presha ya kichwa sio mchezo, kwa mtu mzima mwenye presha ni hatari kabisa, na humo kwenye kozi hakuna onyo hata la sentensi moja. Hapa nawapa sifuri. Na kitu kingine, hawajagusa mtindo wa Uechi-ryu, ambao Sanchin yao ni ya viganja wazi mpaka leo, na wangeiweka pembeni ya ya Goju yenye ngumi kwenye kile kioo chao cha kulinganisha tungepata somo la kukesha nalo. Wana chombo kizuri kuliko wote na hawakukitumia kwenye kata iliyokihitaji kuliko zote.

Wado nitapita haraka ingawa nimeipenda. Otsuka Hironori alitokea kwenye jujutsu ya Shindo Yoshin-ryu kabla ya karate, na inaonekana, jamaa hawakingi sana, wanahama. Naihanchi yao iangalie pembeni ya Tekki Shodan ya Shotokan: mstari uleule wa kwenda kulia na kushoto tu, hakuna mbele hakuna nyuma, ila Tekki wamekaa kwenye kiba dachi pana wamezama, Wado wako juu, miguu imekaribiana, vidole na magoti vinaangalia ndani, na mkazo unatokea kiunoni. Motobu Choki, yule mbabe wa Okinawa aliyekuwa hana mchezo kwenye kupigana, hii ndiyo kata aliyokuwa anaitegemea, na ukiifanya ya Wado umesimama kwenye korido nyembamba unaanza kumwelewa.

Nyongeza za judo na taekwondo, moja ya maana moja ya kujazia. Judo wameweka Nage no Kata nzima, mitupo 15, kila mmoja kulia na kushoto, inaanza na uki otoshi. Kwa sisi tuliozoea kufanya kata peke yetu tukipambana na hewa, kuona kata ambayo lazima iwe na mtu wa pili inafungua kichwa. Yule anayetupwa naye ana kata yake, lazima aingie kwa kasi sahihi na hatua sahihi, akidanganya tu mtupo unakufa. Yule anayetupa unaona anamvuta mwenzake hatua mbili, hatua ya tatu anapiga goti chini na mtu anaruka juu ya mkono, hakuna nguvu iliyotumika. Nimeirudia hiyo mara nyingi kuliko nyingine yoyote na judo sijui hata kuanguka vizuri.

Taekwondo sasa. Wameweka Taegeuk za mwanzo, kata zao zile za mikanda ya rangi, zote ziko nane ila humu hazijakamilika. Tatizo kubwa zaidi ni kwamba anayezifanya ni mtu wa karate, inaonekana wazi, kwenye stensi ya ap sogi ambayo ni kama mtu anatembea zake barabarani yeye anataka kuzama, na mateke yake yanaishia kifuani. Rafiki zangu wa taekwondo wakiona hii watakasirika na watakuwa na haki. Bora wangeiacha.

Bunkai je, yaani maelezo ya matukio ya kata yanatumikaje kwenye kupigana? Kuna sehemu yake kwa kila kata na ubora unapanda na kushuka. Kwa yule mama wa Seiyunchin ni safi. Kwa Shotokan wamerudi kwenye ule ugonjwa wa zamani, mshambuliaji anatokea hatua tatu mbali, anapiga oi zuki, ngumi ya kusonga mbele, moja ndefu, halafu anagandia pale mkono umenyooka anasubiri apigwe vitatu ndio aanguke. Jamani, nani anapigana hivyo? Nenda Kariakoo jioni uone watu wanavyogombana, mtu anashika shati kwanza. Hizi kata zimejaa majibu ya kushikwa, kushikwa mkono, kushikwa kola, kushikwa kwa nyuma, na kozi ya dola 19 inakuonyesha mtu anakinga ngumi ya mbali. Wa Shito kidogo anajitahidi, anaonyesha ile mikono miwili ya mwanzo wa Pinan Shodan kama kufunika kichwa ukishtukizwa na kuingia ndani na kiwiko, hiyo nimeielewa na nimeijaribu na wenzangu, inafanya kazi.

Sasa huduma yenyewe. Bando kwanza. Vidio zao ni nzito, ukiangalia kwa ubora wa juu somo moja refu linakula giga na zaidi, ukishusha ubora miguu inakuwa ukungu na kwenye kata miguu ndio kila kitu, kwa hiyo hakuna ujanja. Nilichofanya ni kupakua usiku kwa waifai ya ofisini, programu yao inaruhusu kupakua ila vidio zinakaa siku 30 tu halafu zinajifunga mpaka uwe na mtandao tena. Ile sehemu ya kulinganisha haipakuliki, lazima uwe hewani, na hiyo ndiyo niliyoitaka kuliko zote. Inakwamakwama sana ukiwa na mtandao wa kawaida, upande mmoja unaganda mwingine unaendelea, unajikuta unalinganisha tukio la tatu na la tano.

Maandishi ya chini ni ya Kiingereza na ni ya kujiandikia yenyewe, mwalimu wa Shito anaongea Kijapani, majina ya stensi yanatoka vituko vitupu. Kama hujui tayari neko ashi ni nini hutaipata humo. Kiswahili hakuna, sikutegemea.

Malipo wanataka kadi tu. Mimi nilitengeneza kadi ya mtandaoni kwenye simu, nikaweka hela ya kutosha mwezi mmoja, ikapita bila shida. Kilichonikera ni kujiondoa. Kitufe cha kusitisha kimefichwa ndani ya ukurasa wa tatu huko, ukikibonyeza wanakuuliza maswali, wanakupa punguzo, wanakuuliza tena una uhakika, ukimaliza hupati ujumbe wowote kwamba umetoka. Mimi nilibonyeza mpaka mwisho na mwezi uliofuata wakakata tena. Nikaandika barua pepe, ikajibu roboti na makala ya jinsi ya kubadilisha nenosiri. Nikaandika tena, roboti tena. Mpaka nilipotuma picha ya kioo yenye tarehe ndio akatokea binadamu, mstaarabu kweli, akarudisha hela baada ya siku kadhaa na akanishauri nijiunge tena kwa punguzo. Kwa hili peke yake nyota moja imeondoka.

Jumla nyota tatu na nusu. Zingekuwa nne na nusu kama wangekuwa wanauza ile sehemu ya kulinganisha na yule mama peke yao.

Walimu wa dojo nadhani ndio wanaofaidi zaidi, mtu una wanafunzi wanaokuuliza kwa nini wale wanafanya vile na unataka kumjibu kwa kumwonyesha badala ya kumwambia wale hawajui. Wachezaji wa kata wa mashindano pia, kwa Kushanku zile nne peke yake. Wanaoanza, hapana, tafuteni dojo, ada ya mwezi kwenye dojo nyingi za hapa mjini ni ndogo na sensei anakugusa mgongo.

Ukiamua kujiunga, nunua mwezi mmoja tu na uupange. Anza na Heian Nidan na Pinan Shodan kwenye kioo cha kulinganisha, nenda Seisan na Hangetsu, halafu Kushanku zote, hizo angalia ukiwa kwenye waifai nzuri. Seiyunchin na Nage no Kata zipakue. Sanchin ruka, taekwondo ruka. Na siku hiyohiyo uliyolipia ingia ukasitishe malipo ya kujirudia, huduma inaendelea mpaka mwezi wako uishe, na piga picha ya kioo yenye tarehe uiweke mahali.